Pumzi ya Mwanasoka

Dakika ya 80 inapofika, mtangazaji husema mchezaji ameishiwa na pumzi, ilhali kocha hulalamikia miguu mizito. Mtangazaji yu karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Mapafu hayajipanui yenyewe; huvutwa na kiwambo pamoja na misuli ya mbavu, nayo huchoka kama misuli mingineyo. Ikichoka mno, mwili hubana mishipa ya damu ya miguuni ili damu iwahi misuli ya kupumulia. Hapo ndipo mbio hupungua.

Misuli hiyo hufunzika. Zoezi lililozoeleka ni kuvuta pumzi mara 30 kwa nguvu kupitia kifaa kidogo chenye kizuizi, mara mbili kwa siku, kwa majuma kadhaa. Halimgeuzi mzembe kuwa nyota, na watafiti wangali wanajadili faida yake katika mechi yenyewe. Hata hivyo, ni ajabu kwamba wasemaji wa lugha iliyozaa pumua, pumzi na pumzika katika shina moja humpumzisha mchezaji kwa kumketisha benchini tu. Timu za vyuo vyetu zingeweza kujaribu zoezi hili muhula mmoja, kabla ya mashindano kuanza.