Mtaji wa Foleni

Anayedai kwamba watu wa Mombasa hawajui kujituma hajafika Feri, kwenye kivuko cha Likoni, saa kumi na moja jioni. Kutoka steji ya matatu hadi lango la abiria, upande wa kisiwani, hakuna hatua isiyo na biashara: mihogo ya kukaanga, mabuyu, soksi, chaja za simu, maembe mabichi ya pilipili na chumvi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu zaidi ya 300,000 huvuka hapa kila siku, na anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu. Ni soko gani jingine linaloletewa wateja wote hao bure?

Ila rudi baada ya miaka mitano, utamkuta mama yule yule na karai lile lile.

Mtazame muuza viazi karai. Anachovya vipande kwenye rojo la unga wa ngano na bizari, anavitumbukiza kwenye mafuta, anaviopoa, bakuli la ukwaju liko pembeni. Hakaangi ovyo. Jicho liko kwenye maji, na feri inapokaribia gati ndipo anapojaza karai, ili viazi viwe moto umati ukimiminika. Huo ni ujuzi. Tatizo ni kwamba biashara yake inaishi kwa watu kukwama. Feri moja ikiharibika, foleni inarefuka na mauzo yanapanda. Zote zikifanya kazi, watu wanapita mbio. Yaani yeye hupata zaidi saa zile zile mji unapopoteza.

Uchumi haukui hivyo. Mwaka 1957 mwanauchumi Robert Solow alipima uchumi wa Marekani, akakuta kwamba sehemu kubwa ya ukuaji haikutokana na kuongeza mtaji bali na maarifa na mbinu bora za kazi. Mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt; wawili wa mwisho walieleza jinsi uvumbuzi unavyokuza uchumi huku ukiangusha biashara zilizotangulia. Sisi tumeng'ang'ania mtaji, tena mdogo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilizinduliwa Novemba 2022 kwa mikopo inayoanzia shilingi 500, ya kulipwa ndani ya siku 14. Pesa hizo hununua viazi na mafuta. Hazinunui ujuzi mpya, na matokeo yake ni mwenye karai wa kumi na moja kusimama kando ya wa kumi.

Kuangushwa na uvumbuzi Mombasa tunakujua. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017, kisha makontena yakaamriwa yapande treni, madereva wa malori, magereji na hoteli za barabarani zilikosa kazi hadi amri ilipoondolewa mwaka 2022. Reli yenyewe haikuwa kosa. Kosa ni kwamba fundi wa lori aliachwa ajitafutie. Sasa barabara ya Dongo Kundu inapeleka magari Pwani ya Kusini bila kugusa kisiwa, na daraja la Likoni limo kwenye mipango. Likijengwa, foleni itakwisha, na mtaji wa mama wa viazi utakwisha nayo.

Ujuzi wa kuhamia upo karibu, tena wa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, chimbuko lake ni taasisi ya ufundi ya Waislamu ya miaka ya 1940. Kuna Bandari Maritime Academy, na Mbaraki kuna karakana ya kukarabati meli. Hata hivyo feri zetu zimetoka Ujerumani, na mbili za karibuni, MV Jambo na MV Safari, zimeundwa Uturuki, kuvuka mkondo wa takriban mita 500! Sidai tuziunde zote kesho. Lakini kijana wa Likoni anayejua kuchomelea vyuma na kufungua injini ya dizeli atapata kazi feri ziwepo zisiwepo. Kituo cha Swahilipot, kule Mji wa Kale, inafundisha vijana kompyuta, na ni jambo jema. Uvumbuzi wa karakana na wa jikoni nao unataka mlezi.

Wa jikoni hasa. Mchuuzi asiyejua kama kesho askari wa kaunti watabeba meza yake hawezi kununua jiko la gesi wala friji. Ataendelea na kile anachoweza kukimbia nacho.

Kwa hiyo kaunti na Mamlaka ya Bandari, ambayo sasa ndiyo inayoendesha feri, waanze na mambo mawili kabla ya mhandisi kusimika nguzo ya kwanza ya daraja: vibanda vya kudumu vyenye maji na hati, na nafasi za mafunzo ya ufundi kwa watoto wa wachuuzi hawa. Wakisubiri daraja lifunguliwe, watakuwa wamechelewa.