Usiniambie Ninywe Rozela, Niulize Damu Inaenda Wapi

Muhula uliopita nilipimwa wingi wa damu mara tatu. Mara ya kwanza 9.4, ya pili 10.6, ya tatu 8.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12. Mara zote tatu jibu likawa moja: "Mdogo wangu, kula mboga za majani, kunywa rozela, meza hivi vidonge."

Nikanywa, nikameza. Damu inapanda, vidonge vikiisha, inashuka. Kupanda ngazi kwenda semina ghorofa ya tatu ikawa safari. Wenzangu chumbani wakasema ni boom limekata, nakula chipsi kavu tu. Na mimi nikaamini.

Siwalaumu wahudumu. Foleni tunaijua. Ila sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi akifeli, usikimbilie kumwongezea mazoezi. Uliza kwanza: anaona ubaoni? Amekula? Nyumbani kukoje? Alama ya chini inakuambia kuna tatizo, haikuambii ni tatizo gani.

Damu nayo ni hivyohivyo. Upungufu wa damu ni dalili, kama homa. Inawezekana chakula hakina madini ya chuma ya kutosha. Inawezekana pia ni minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, malaria inayopasua chembe nyekundu, selimundu, figo, ukosefu wa vitamini B12, au damu inavuja mahali. Rozela haitoi safura.

Tena fununu ya kwanza huwa kwenye karatasi ya majibu. Kipimo cha picha nzima ya damu huonyesha hata ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, mara nyingi chuma kimepungua. Zikiwa kubwa, B12 au foliki asidi huchunguzwa. Zangu zilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza. Karatasi niliikunja nikaitia kwenye mkoba.

Mara ya nne nilikutana na daktari aliyeuliza: "Hedhi yako huchukua siku ngapi?" Tisa. "Pedi unabadilisha baada ya muda gani?" Siku za mwanzo, kila saa moja. Akaweka kalamu chini. Nilikuwa hivyo tangu kidato cha pili, na mama yangu alikuwa hivyo, kwa hiyo nilijua ndivyo wanawake tulivyo. Picha ya ultrasound ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Sasa natibiwa, na damu imefika 11.3.

Miaka saba, jamani, kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa. Na mimi nilikuwa sijasema, naona aibu.

Kwa hiyo ukipewa majibu yasiyo ya kawaida, omba nakala, itunze, ulinganishe na ya nyuma. Uliza, "Kwa nini iko hivi?" Sema yote, hata ya aibu: hedhi, choo cheusi, dawa za maumivu unazomeza bila kula. Na ninyi kaka zetu, msijione mmepona. Mwanaume hana hedhi ya kusingizia. Damu yake ikipungua, ni lazima itafutwe inapopotelea.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo, kwenye kambi zile za kupima afya, isiishie kugawa namba. Atakayekutwa na damu ya chini aandikiwe rufaa, na afuatiliwe. Namba bila sababu ni nusu ya jibu, na nusu ya jibu mtihanini hatupewi alama zote.