Mzaliwa Nawe ni Nani?

Siku moja amka alfajiri upite Changamwe, Chaani na Magongo, mjini Mombasa. Utawakuta vijana mbele ya malango ya viwanda na maghala, wakingoja msimamizi atoke achague vibarua wa siku hiyo. Yumo Mdigo aliyevuka feri kutoka Likoni, yumo Mgiriama wa Kisauni, wamo Mjaluo na Mkamba waliozaliwa papo hapo Changamwe. Watakaotakiwa wakiwa ishirini na waliofika wakiwa mia, ujira hupangwa na mwenye njaa kuliko wote. Na wale themanini wanaorudi mikono mitupu, ni rahisi sana kuwanong'oneza kwamba riziki yao imeliwa na kabila fulani.

Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Methali hii siku hizi imefanywa panga. Basi tuulizane: huyo mzaliwa nawe ni nani?

Kwanza tuseme kweli. Dhuluma ya mpwani si ya kutunga. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojua njia ya ofisi. Mmijikenda aliyelima kwa kurithishana akaamka siku moja anaitwa skwota juu ya makaburi ya babu zake. Serikali ya wananchi ikaja, hati zikabadilisha mikono, skwota akabaki skwota. Wanaosema "Pwani si Kenya" hawakukiokota kilio hicho njiani. Serikali iliwapiga marufuku watu wa Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge, mwaka 2010, na kilio hakikunyamaza. Kilio hakizibwi kwa marufuku.

Lakini je, ardhi hiyo imo mkononi mwa mama wa Kiluhya anayeuza mboga Kongowea? Imo kwa kuli wa Kikamba anayepanga chumba kimoja Mikindani? Hao nao hawana hata futi moja. Wenye mashamba makubwa wana majina ya bara na majina ya pwani, na wakikutana mezani huelewana vizuri.

Jambo hili Karl Marx alilitazama zamani. Mwaka 1870 aliandika kwamba mfanyakazi wa Kiingereza alimchukia Muairishi kwa kudhani anamshushia mshahara, na kwamba chuki hiyo ndiyo iliyowafanya wote wawili wanyonge mbele ya tajiri. Wala hakumwambia Muairishi anyamaze. Aliunga mkono uhuru wa Ireland, akiona Mwingereza hawezi kujikomboa huku akimkalia mwenzake. Lenin, mwaka 1914, akalifananisha suala la taifa kujitenga na talaka: kutambua haki ya talaka si kuwaamrisha watu wote waachane. Funzo kwetu lina pande mbili. Mfanyakazi wa bara asiyejali dhuluma ya ardhi ya mpwani asidai umoja, maana umoja wa namna hiyo ni wa mpanda farasi na farasi. Na mpwani anayedhani kumfukuza jirani kutampatia shamba, atazame yaliyopita.

Yaliyopita ni haya. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini: wa bandarini, wa reli, wa hotelini, hata wapishi wa nyumba za Wazungu. Walikusanyika katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao alikuwa Chege Kibachia, Mkikuyu. Hakuulizwa anatoka mlima gani. Mji ulisimama siku kumi na mbili, na serikali ya mkoloni ikalazimika kuunda baraza la kuamua mishahara, lililowaongezea wengi. Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Mkoloni alijua cha kuogopa.

Miaka hamsini baadaye, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikaibwa. Watu wa bara wakachinjwa na kuchomewa nyumba. Waliokufa walizidi mia, na makumi ya maelfu wakakimbia. Uchaguzi ulikuwa miezi minne mbele, na uchunguzi ulipofanywa wanasiasa walitajwa. Vijana wa Kidigo walioshiriki mashambulizi hayo waliahidiwa ardhi na kazi. Walichopata ni kusakwa, kupigwa na kufungwa. Biashara ya Likoni ikafa, hoteli nyingi za pwani ya kusini zikafunga milango, mpwani na mbara wakafutwa kazi pamoja.

Mizani hiyo, ndugu yangu, isome mwenyewe. Mwaka 1947 waliungana wakapata nyongeza. Mwaka 1997 walichinjana wakapata makaburi.

Na miaka ya karibuni? Ilipoamriwa makontena yapakiwe kwenye reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, madereva wa malori, mafundi na mama ntilie wa Changamwe walipoteza riziki bila kuulizwa kabila. Mwaka 2019 wakaandamana bega kwa bega. Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kuirudisha kazi Mombasa.

Basi mfanyakazi wa bara, dai la ardhi la jirani yako lifanye lako. Lisimamie kwa sauti kuliko yeye. Nawe mwenyeji, mlete jirani katika chama cha wafanyakazi, na umkatae mwanasiasa anayekujia na orodha ya makabila kila mwaka wa kura. Mwanawe na mwanao wamezaliwa hospitali moja, wanasoma darasa moja, na kesho watasimama mbele ya lango moja. Hao ndio wazaliwa nawe. Wafundisheni kuingia langoni humo wakiwa wameshikana mikono.