Mikahawa ya Goma na Bukavu: kahawa na kakao ni zetu, lakini faida inabaki wapi?

Katika mitaa ya Himbi na Les Volcans mjini Goma, na upande wa Ibanda mjini Bukavu, mkahawa wenye viti vya kupendeza, maua mezani na terasi inayoangalia ziwa Kivu si kitu kigeni tena. Vijana wanapiga picha ya kikombe kabla ya kunywa. Wachumba wanakutana pale Siku ya Mungu baada ya ibada. Nyumbani nako, wamama na wasichana wengi wanatengeneza gato na deseri za matunda, wanaweka picha kwenye WhatsApp, na wateja wanaagiza.

Kuna wanaokasirika wakisikia habari hizi. Wanauliza: wakati wa vita, nani ana nafasi ya kuzungumzia vitu vitamu? Swali hilo ni la haki. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakaingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukasimama, na watu wengi wakahama mara ya pili au ya tatu. Familia nyingi zinahangaikia kwanza bugali na sombe.

Lakini tuangalie vizuri kilicho ndani ya kikombe na ndani ya sahani. Kuna kahawa ya Kalehe na Idjwi, kakao ya Beni, maziwa ya Masisi, maembe ya Uvira. Hizi ni kazi za wakulima wetu. Kwa hiyo swali la mkahawa ni swali la uchumi: mazao haya yanapotoka shambani, feza yake inazunguka mikononi mwa nani?

Bei ilipanda, mkulima alipata nini?

Katika mwezi wa pili 2025, siku zile zile Bukavu ilipokuwa inabadilisha mikono, kahawa ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili moja kwenye soko la dunia. Rekodi ya 1977 ilikuwa imeshavunjwa. Kakao nayo ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka wa 2024, kisha ikashuka sana mwaka uliofuata. Sababu kubwa zilikuwa mbali na sisi: hali mbaya ya hewa huko Brazil na Vietnam kwa kahawa, na mavuno mabaya Kodivaa na Ghana kwa kakao.

Kongo haikuwa na nguvu ya kufaidika kikamilifu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi hii ikiitwa bado Zaire, iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Baadaye ilishuka hadi karibu tani 10,000. Mapatano ya kimataifa yaliyolinda bei yalivunjika mwaka wa 1989, ugonjwa wa kunyausha miti uliharibu mashamba ya robusta, kisha vita vikamaliza vilivyobaki. Mikahawa haikuwa sababu, wala peke yake haiwezi kuwa dawa.

Wakaaji wa kando ya ziwa wanakumbuka kilichofuata. Wakulima wa Idjwi, Minova na Kalehe walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, wakaibadilisha kwa chumvi, sabuni na nguo. Wengi walizama. Hadi leo kuna vijiji ambako wajane wa safari hizo wanalima miti ile ile ya waume wao. Vyama vya ushirika kama Sopacdi huko Minova, na baadaye Kawa Kanzururu upande wa Rwenzori, vilianzishwa ili mkulima aoshe na kukausha kahawa yake hapa hapa, aiuze ikiwa na jina lake.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kahawa hiyo bado inaondoka ikiwa mbichi. Inakaangwa Ulaya na Marekani. Na huku kwetu, katika hoteli na migahawa mingi, ukiagiza kahawa unaletewa maji ya moto na unga wa kopo uliotoka ng'ambo.

Hesabu ya kikombe kimoja

Tufanye hesabu ndogo. Ili kupata kilo 1 ya kahawa mbichi iliyo tayari kuuzwa nje, unahitaji karibu kilo 6 za matunda mekundu ya kahawa. Ukiikaanga, inapoteza uzito, inabaki kama gramu 830. Kikombe kimoja kinataka gramu 8 hadi 10. Kwa hiyo kilo ile moja inatoa zaidi ya vikombe 80.

Hata bei ilipofika kwenye rekodi, kilo 1 ya kahawa mbichi ilikuwa karibu dola 9 kwenye soko la dunia, kabla ya kutoa usafiri, kodi na faida ya mnunuzi wa kati. Tuseme sasa mkahawa wa Goma unauza kikombe kwa dola 1 tu. Kilo ile ile inaingiza dola 80 na zaidi.

Bila shaka dola 80 si faida tupu. Kuna kodi ya nyumba, maziwa, sukari, umeme, mshahara wa wafanyakazi, na kahawa yenyewe. Lakini angalia feza hiyo inaenda wapi. Inaenda kwa mwenye nyumba wa hapa, kwa mfugaji wa Masisi, kwa kijana aliyejifunza kutumia mashine, kwa mama anayeosha vikombe, kwa motari aliyeleta mzigo. Kahawa ikiondoka mbichi, kazi hizo zote zinafanyika mahali pengine, na mshahara wake unabaki huko.

Hii ndiyo sababu mkahawa mzuri unaotumia kahawa ya Kivu haufanani na mkahawa mzuri unaotumia unga wa kopo, hata kama viti na maua ni vile vile.

Kakao: shamba la hatari

Upande wa Beni na Ituri hadithi ni chungu zaidi. Kakao imekuwa zao la feza kwa maelfu ya familia, lakini mashamba mengi yako kwenye maeneo ambako waasi wa ADF wanashambulia raia. Kuna wakulima waliouawa wakiwa wanavuna. Wengine wamehamia mjini na kuacha matunda yaoze mtini, au yavunwe na watu wasiojulikana. Bei inapopanda, hamu ya kurudi shambani inapanda, na hatari inapanda pamoja nayo.

Na bado, huko Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, kuna kiwanda cha chokoleti kilichoanzishwa kwa msaada wa Hifadhi ya Virunga, kinachotumia umeme wa maji ya mlima na kakao ya wakulima wa jirani. Ni kidogo ukilinganisha na kakao yote inayovuka mpaka wa Kasindi. Lakini kinajibu wale waliosema kwamba chokoleti haiwezi kutengenezwa Beni. Inawezekana, pale ambapo kuna umeme, kuna mnunuzi na kuna ulinzi.

Deseri ya nyumbani inafuata soko

Si kila mtu anaweza kulipa dola kwa kikombe. Wengi hawawezi. Ndiyo maana jiko la nyumbani lina uzito katika hesabu hii, labda kuliko mkahawa. Soko la Virunga na Kituku huko Goma, au Kadutu na Nyawera huko Bukavu, linakuonyesha lenyewe majira. Maembe ya Uvira na bonde la Ruzizi yakifika kwa wingi, bei inaanguka na mengine yanatupwa. Avoka, marakuja, nanasi na fraizi ni hivyo hivyo: leo ni ghali, mwezi ujao muuzaji anakuomba uchukue hata kwa hasara. Anayejua kutengeneza deseri ananunua wakati huo.

Wengi wanafikiri deseri nzuri inataka tanuri ya umeme na friji. Sivyo. Krimu karameli, kwa mfano, inaiva kwenye mbabula. Choma sukari kidogo hadi igeuke rangi ya asali nzito, imimine chini ya bakuli la chuma. Changanya nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa kidogo, mayai 4 na vijiko 5 vikubwa vya sukari, chuja, mimina juu yake. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya bakuli, funika, acha kwa moto mdogo dakika 40 hivi. Maji yasitokote kwa nguvu, la sivyo krimu inatoboka matundu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Usiku wake ukiweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi, asubuhi imeshikana vizuri. Juu yake weka marakuja, au fraizi zilizopikwa na sukari.

Mwenye ndugu Beni anaweza kupata kakao iliyochachushwa na kukaushwa. Ikaange polepole kwenye kikaango, toa maganda, itwange kwenye kinu kilichopashwa moto hadi mafuta yake yatoke. Ongeza sukari na maziwa ya moto. Haitakuwa laini kama ya kiwandani, lakini ukiimwaga juu ya ndizi zilizokaangwa, wageni watauliza umeinunua wapi.

Kwa wamama wanaouza deseri na gato nyumbani, hii ni biashara inayolipa karo za shule. Wao ndio wa kwanza kuhisi kila mtikisiko. Benki zilipofungwa, malipo yalihamia kwenye simu. Noti zilizochakaa zilipoanza kukataliwa sokoni, wateja walipungua kwa sababu tu hakuna chenji inayokubalika. Na bei ya unga wa ngano, ambao karibu wote unatoka nje, inafuata dola na mipaka. Sukari pia: kiwanda cha Kiliba karibu na Uvira, kilichokuwa fahari ya Kivu Kusini, kilisimama na vita vya 1996, na tangu hapo sukari ya madukani kwetu ni ya nchi za jirani kwa sehemu kubwa. Ndiyo faida ya deseri za matunda, mayai na maziwa: zinategemea zaidi vitu vya karibu, na unga wa nje kidogo au hakuna.

Kinachozuia

Mtu atauliza: kama hesabu ni nzuri hivi, kwa nini wenye mikahawa wote hawanunui kahawa ya hapa? Kuna sababu tatu zinazoonekana wazi.

Ya kwanza ni barabara na vizuizi. Mzigo wa kahawa, maziwa au matunda kati ya kijiji na mji unalipa kwenye kila kizuizi, kwa watu tofauti na kwa majina tofauti. Maziwa hayasubiri. Fraizi hazisubiri. Kopo la unga kutoka nje linaweza kukaa miaka 2 dukani.

Ya pili ni umeme. Mashine ya kahawa na ya kukaangia zinataka umeme usiotetereka. Goma ilipata nafuu tangu kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kianze kazi mwishoni mwa 2015. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi, na wakaaji wake wanajua gharama ya jenereta.

Ya tatu iko kichwani mwetu. Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba kahawa ya kwetu ni ya kuuza na ya wengine ni ya kunywa. Mtu anamkaribisha mgeni kwa kopo la ng'ambo kama heshima, huku gunia la arabika liko kwa jirani.

Sababu mbili za kwanza ziko mikononi mwa wenye mamlaka, wawe Kinshasa au wale wanaoshika miji leo. Wote wanasema wanawapenda wakulima. Kipimo ni kizuizi kinachoondolewa barabarani, mkulima wa Beni anayerudi jioni akiwa hai, na benki inayofunguliwa. Mikahawa mipya ikiongezeka mjini huku hayo yote yakibaki vilevile, hatutakuwa na maendeleo. Tutakuwa na terasi nzuri tu kwa wachache.

Sababu ya tatu ni yetu. Ukiingia mkahawani, muulize mhudumu: kahawa hii ni ya wapi? Maziwa haya ni ya nani? Kama hajui, mwenye mkahawa atalazimika kujua wateja 10 wakishamuuliza. Na nyumbani, siku ya sikukuu ya mtoto, kabla ya kununua paketi ya biskuti za nje, pitia kwanza kwa mama wa maembe. Kilo chache unazochukua kwake jioni, kabla hazijaoza, ndizo feza atakayorudi nayo nyumbani siku hiyo.