Mashini ya CNC katika atelie: mambo ya kujua kabla ya kutoa feza za likelemba

Shafti ya mashini ya kusaga unga ikivunjika, mama mwenye mashini anakimbilia atelie na swali moja: "Papa fundi, itakuwa tayari lini?" Kwa miaka mingi majibu yamekuwa mawili. Ao fundi anachonga shafti nyingine kwa mkono, ao piesi inaagizwa Kampala, Dubai ama Uchina. Njia hii ya pili imekuwa ngumu zaidi tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, na kumtumia feza muuzaji wa mbali kukawa kazi nzima peke yake.

Njo maana katika atelie za Kivu na Ituri wazo moja linavutia vijana: kuweka feza pamoja, kwa likelemba ao kwa AVEC, kisha kuagiza mashini iliyotumika ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, ile inayoitwa CNC. Wanaona video kwenye simu: chuma kinaingia, mtu anagusa kitufe, kipande kinatoka kizuri. Wazo si baya. Lakini ile video haionyeshi kazi iliyofanyika kabla ya kugusa kitufe, na pale ndipo feza za kikundi zinaweza kupotea.

Mashini inatii, haifikiri

Mashini hizi si kitu cha jana. Ya kwanza ilionyeshwa Marekani mwaka 1952, kwenye chuo cha MIT, ikisoma amri kutoka ukanda wa karatasi wenye matundu. Leo amri zinakuja kwa kompyuta, lakini msingi ni ule ule: mstari mmoja, tendo moja. G0 inaambia kisu kiende mbio bila kukata. G1 inasema songa polepole ukikata. M3 inazungusha kisu. Mashini itafanya kila mstari kama ulivyoandikwa, hata kama mstari unaipeleka kugonga meza yake yenyewe.

Fundi wa mkono anasikia chuma kikilia, anavuta mkono. Mashini ya CNC haina sikio hilo. Akili yote ya fundi inapaswa kuingia ndani ya programu kabla kazi haijaanza.

Kuna hatua tatu. Kwanza, kipande kinachorwa kwenye kompyuta kwa vipimo kamili. Pili, programu nyingine inapanga njia ya kisu: kianzie wapi, kikate kina gani kila mara, kitoke wapi. Tatu, njia ile inatafsiriwa kuwa amri ambazo mashini yenyewe inaelewa. Kwa kujifunza hatua hizi, hakuna haja ya kulipa dola hata moja. FreeCAD ni programu ya bure, inachora na kupanga njia ya kisu, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Kwa mji ambako mtandao unakatika siku nzima, jambo hilo lina uzito.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaponza wengi. Mashini hazisemi lugha moja. Kwenye mashini nyingi zenye kompyuta ya Siemens, G71 maana yake ni "hesabu kwa milimita". Kwenye mashini ya kuzungusha chuma yenye kompyuta ya Fanuc, G71 ni amri ya kuanza kukwangua chuma kwa wingi. Kijana akichukua programu ya rafiki kwenye flashi na kuitia katika mashini nyingine bila kuitafsiri upya, anaweza kuvunja kisu, ama kuharibu mashini ambayo watu ishirini waliichangia.

Zero, ndipo ajali inapoanzia

Programu inaweza kuwa safi kabisa na ajali ikatokea tu. Sababu ya kawaida ni zero. Mashini haijui chuma kimefungwa wapi juu ya meza, wala kisu kina urefu gani. Fundi ndiye anayeionyesha. Akibadilisha kisu kifupi na kuweka kirefu bila kupima upya, kisu kitaingia ndani ya chuma kwa mwendo wa mbio.

Mafundi wenye uzoefu wana desturi ambayo haigharimu kitu. Kwanza wanaangalia kazi yote kwenye skrini ya kompyuta. Halafu wanaiendesha mashini hewani, kisu kikiwa juu ya chuma, bila kukata. Mara ya kwanza ya kukata wanapunguza mwendo na kuacha kidole karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha. Kwa kipande kipya, wanajaribu kwanza kwenye ubao ao plastiki ngumu. Dakika ishirini za majaribio ni bei ndogo kuliko kuagiza kisu kingine.

Chuma cha gari kuukuu kina siri yake

Kompyuta inataka kujua kisu kizunguke mara ngapi kwa dakika. Hesabu yake ni rahisi: chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara upana wa kisu kwa milimita. Kwa chuma laini na kisu cha kawaida cha HSS, wengi wanaanzia mita 25. Kisu cha milimita 10 kitazunguka karibu mara 800 kwa dakika. Kama kina meno manne, na kila jino linakata milimita 0.03, mashini isonge milimita 96 kwa dakika.

Shida iko katika neno "chuma laini". Atelie nyingi upande huu zinatumia chuma kilichotoka kwenye magari kuukuu: ekseli, shafti, springi za lori. Vyuma hivyo ni vigumu, vimepikwa kiwandani ili vibebe mzigo. Hesabu ya chuma laini ikitumika juu yake, kisu kinaungua kwa muda mfupi. Fundi wa mkono anagundua ugumu kwa kupitisha tupa: tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kile ni kigumu. Jaribio hilo la wazee linabaki kuwa la lazima hata mbele ya kompyuta, na kasi inapunguzwa kufuatana nalo.

Umeme wa hapa na mashini ya kule

Hata Bukavu, jirani na mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, wakaaji wanajua giza linavyoingia bila hodi. Ukikatika wakati kisu kiko ndani ya chuma, kisu kinaweza kuvunjika. Mashini nyingi, hasa za zamani, zinapoteza pia kumbukumbu ya mahali zilipo. Umeme ukirudi, kuendelea kutoka katikati ya programu ni hatari. Inafaa kuirudisha mashini kwenye mahali pake pa kuanzia, kupima zero upya, ndipo kazi iendelee.

Kwa hiyo kikundi kinapopiga bei, kisihesabu mashini peke yake. Kihesabu onduleri ya kulinda kompyuta yake, stabilizateri, na jenereta inayoweza kuibeba. Kiulize pia kama mashini inataka umeme wa trifaze, na kama laini hiyo inafika kwenye mtaa wao. Mashini isiyo na umeme unaoifaa ni chuma cha kupumzikia kuku.

Faida iko kwenye wingi

Swali kubwa linabaki: mashini hii inaleta faida kwa kazi gani? Tuseme kipande kimoja kinamchukua fundi wa mkono dakika 40. Kwa CNC kinachukua dakika 6, lakini kuandika programu na kuijaribu kunachukua saa 3. Kwa kipande kimoja, fundi wa mkono anamaliza wakati mwenye kompyuta bado anachora. Kuanzia kipande cha sita, mashini inashinda. Kwa vipande 50, CNC inatumia saa 8. Mkono unatumia saa 33 na zaidi.

Maana yake ni kwamba shafti ya yule mama wa mashini ya unga itabaki kazi ya mkono kwa muda mrefu bado. CNC inafaa kwa kinachorudiwa: magurudumu ya meno ya mashini za kumenya kahawa, piesi za mashini za mchele, vifungo vya pampu za maji. Kikundi ambacho hakina wateja wa kazi za namna hiyo kinanunua deni. Inafaa kwanza kutembelea vyama vya wakulima wa kahawa na wenye mashini za mchele, kuandika piesi gani zinavunjika kila msimu na ngapi, ndipo kuzungumzia mashini.

Jambo la mwisho linahusu watu. Mara nyingi kijana mmoja tu ndiye anayejua kompyuta. Akihama ao akikimbia vita, anaondoka na flashi yake, na mashini inanyamaza. Kila programu inapaswa kuwekwa mahali pawili, ikiandikwa juu yake: jina la kipande, kisu kilichotumika, zero ilipowekwa, na aina ya chuma. Na watu wawili angalau wajifunze pamoja. Shule za ufundi na vituo vya INPP vingeweza kuanza na hatua mbili za kwanza, kuchora na kupanga njia ya kisu, kwa kompyuta za kawaida, bila kungojea serikali ilete mashini.

Kikundi kinachotumia miezi sita kujifunza kwa programu ya bure hakijapoteza kitu. Mwisho wa miezi hiyo kitajua kama kinahitaji mashini, mashini gani, na kwa kazi ya nani. Feza za likelemba zitakuwa bado ziko kwenye sanduku.