Tangazo Lisilobanduka

Kila mauzo yana mwisho wake. Muuzaji akiisha kupokea fedha na mnunuzi akiisha kupokea kitu, kitu kimepata mwenyewe mpya, na ulimi uliokuwa ukikisifu hauna budi kunyamaza. Ndivyo ilivyo kwa ndizi katika soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Mchuuzi huzisifu mpaka zinapoingia kapuni, kisha humgeukia mteja mwingine. Hamfuati mnunuzi hadi jikoni kwake Kibosho ili kuzisifu ndizi zilizokwisha menywa. Lakini mnunuzi wa jokofu, wa jiko la gesi au wa birika la umeme hufuatwa. Kifuani mwa vyombo hivyo vimegandishwa vibandiko, ambavyo watu wengi huviita stika, vyenye rangi kali na majivuno makubwa: baridi ya haraka, nguvu maradufu, dhamana ya miaka kumi. Mauzo yamekwisha, lakini tangazo limeingia nyumbani pamoja na mnunuzi, bila kodi wala idhini.

Waswahili husema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kibandiko ni mgeni asiyeshika jembe. Hakipoozi maziwa, hakichemshi maji wala hakipiki chakula. Kazi yake ilikuwa dukani. Nyumbani hakina kazi ila kumsifu mtu aliyekwisha lipwa. Na mwenye nyumba akitaka kukiondoa, hapo ndipo taabu inapoanza. Karatasi huchanika vipande vipande, ukucha huuma, na nyuma hubaki utando unaonata, ambao hukusanya vumbi na masizi hata ukawa doa jeusi juu ya mlango mweupe. Akitumia kisu hukwaruza rangi, na bati lililokwaruzwa huingia kutu. Kitu kipya huzeeshwa na karatasi ile ile iliyotangaza upya wake.

Watetezi wa viwanda watasema kuwa gundi ni gundi, na kazi ya gundi ni kushika. Hoja hii haisimami. Vibandiko vinavyoshika kwa kukandamizwa tu, pasipo kulowanishwa, vilianza kutengenezwa kwa mashine na R. Stanton Avery huko Marekani mwaka 1935, na tangu hapo ufundi wa gundi umesonga mbele sana. Gundi ya namna hii hutenda kama uji mzito: siku zinavyopita na joto linavyozidi, hutambaa na kuingia katika vishimo vidogo vya uso ulioshikwa, ikazidi kung'ang'ania. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M, alipata gundi ya namna nyingine, inayoshika kwa wepesi na kubanduka bila kuacha alama. Vikaratasi vya gundi hiyo viliingia katika soko la Marekani mwaka 1980, na leo viko juu ya meza za makarani duniani kote. Basi anayepaka ulimbo juu ya jokofu hakukosa njia nyingine. Amechagua, na amechagua hivyo kwa kuwa taabu ya kubandua haimgusi.

Hata hivyo, doa juu ya mlango ndilo dogo katika mabaya haya. Baya kubwa ni namna gundi ilivyogawanywa. Tangazo la birika la umeme limegandishwa kifuani. Onyo la kutolitumbukiza majini limechapwa kwa herufi ndogo katika kijitabu, mara nyingi kwa Kiingereza au Kichina, na kijitabu hicho hutupwa pamoja na sanduku au huwashia moto. Kiasi cha umeme kinacholiwa na chombo, ambacho ndicho kitakachomaliza uniti za LUKU, huandikwa nyuma au chini, pasipofikiwa na macho. Bibi wa Marangu aliyeletewa jokofu na wanawe wakati wa Krismasi hutazama kila siku, katika lugha asiyoisoma, habari kwamba jokofu lake ni bora. Wala hapana karatasi inayomwambia kwa Kiswahili kwamba lisisukumwe mpaka likagusa ukuta, maana joto linalotolewa huhitaji nafasi ya kutokea. Sifa imepewa gundi, na onyo limepewa upepo.

Haifai mtu kudhani kuwa shauri hili linapinga kila alama. Watu wa Kilimanjaro wanaijua alama ya haki. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na katika biashara ya kahawa mkulima amezoea madaraja ya AA, A, B na PB, yanayotokana na ukubwa na umbo la punje. Alama hiyo humwambia mnunuzi anachokinunua, nayo huishia kwenye gunia. Haigandishwi juu ya kikombe cha mnywaji. Ng'ambo ya Holili, nchini Kenya, kanuni za mwaka 2016 zilitaka vyombo kama majokofu viwe na kibandiko cha nyota, kinachoonyesha jinsi chombo kinavyotumia umeme kwa uangalifu. Kibandiko cha namna hiyo humtumikia mnunuzi. Kinachopingwa hapa ni kile kinachomtumikia muuzaji katika nyumba isiyo yake.

Wako pia wenye nyumba wanaokitetea kibandiko. Hukiacha kwa miaka mingi, hata kikafifia na kujikunja pembe, ili jirani ajue kuwa chombo ni kipya. Au huogopa kwamba wakikibandua watapoteza dhamana. Wa kwanza wakumbuke kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: jokofu linalogandisha halihitaji karatasi ya kulishuhudia, na lisilogandisha halitaokolewa nayo. Wa pili wajue kuwa shahidi wa dhamana ni risiti na kadi yake, pamoja na namba ya chombo iliyoandikwa nyuma. Hiyo ndiyo isiyofaa kuguswa. Kwingine kote, chombo kichomolewe kwanza katika umeme, kibandiko kifunikwe kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi mpaka kilainike, kibanduliwe polepole, na utando uliobaki upakwe mafuta ya kula, uachwe kitambo, kisha uoshwe kwa sabuni. Kisu na petroli vikae mbali.

Lakini si haki mnunuzi aachiwe peke yake kazi ya kusafisha kile ambacho hakukiagiza. Mwenye duka mjini Moshi akibandue tangazo kabla chombo hakijatoka dukani, au amdai mwenye kiwanda gundi inayokubali kutoka. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, hupima ubora wa bidhaa. Na lihesabu kuwa ni sehemu ya ubora huo kwamba onyo la hatari na kiasi cha umeme viandikwe kwa Kiswahili, vikae mahali panapoonekana, navyo ndivyo vishike kwa nguvu. Iwapo lazima kitu kimoja kigande na kingine kianguke, basi neno la kumlinda mnunuzi ligande, na neno la kumsifu muuzaji lianguke.