Kudhani na Kujitwika

Ndugu vijana, sisi tuliozoea Kifaransa cha shuleni kabla ya Kiingereza hukwaa mara nyingi kwenye kitenzi «assume». Twakifasiri upesi kana kwamba ni «assumer» cha Kifaransa, yaani kujitwika wajibu na kukubali matokeo ya tendo lako. Kumbe Mwingereza, mara nyingi, anasema kudhani tu: kulichukulia jambo kuwa kweli pasipo kulihakiki. Ile maana ya kutwaa anayo pia, mtu anaposhika madaraka, ila si ya kwanza. Vitenzi vyote viwili ni wana wa «assumere» ya Kilatini, kutwaa, ndipo lilipotoka hata jina la Kifaransa la sikukuu ya 15 Agosti, Maria kupalizwa mbinguni.

Kiswahili chetu kimeyatenga mawili hayo, nasi twaona heri. Pale Shinkolobwe, jirani na Likasi yetu, yamechanganyika vibaya.

Urani iligunduliwa pale mwaka 1915. Union Minière waliitafuta hasa radi iliyomo ndani yake, na urani yenyewe ilihesabiwa kuwa na faida ndogo. Mwaka 1940 mkurugenzi wao, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo huu. Kazi ilifunikwa kwa siri. Babu zetu waliobeba mawe yale walibaki kudhani, kwa kuwa hawakuachiwa kitu kingine. Hao hatuwalaumu. Kudhani kwa mwenye vipimo na vitabu mkononi ni jambo jingine.

Karibu na uhuru wa 1960 mashimo yalizibwa kwa saruji, yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti. Amri ya Rais ya Januari 2004 ilipafunga tena, na mwezi wa Julai mwaka uleule shimo likaporomoka, wakafa watu wanane.

Nasi tulisema kwa huzuni ya kweli: «Tulidhani pamefungwa.» Lakini vijana waliokuwa wakitoka huko na magunia walipita mbele ya nyumba zetu, mchana, na wengine tuliwafahamu kwa majina.